Roki ya simfoni, hevi metali na taarab: nani anabeba wimbo?

Kila ifikapo tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Freddie Mercury hapa Mji Mkongwe mwaka 1946, huwa tunapiga wimbo wake mmoja kwenye kipindi chetu cha jioni. Safari hii tulipiga Bohemian Rhapsody, na kabla haujamalizika simu ya studio ilikuwa imejaa ujumbe. Mzee mmoja wa Kaskazini alituomba tusipige tena hevi metali saa ambazo wajukuu wake wanasikiliza. Kijana wa Mwanakwerekwe akajibu kuwa ule si metali hata kidogo, ni roki ya simfoni. Mwengine akasema wote wawili wamekosea, ile ni roki ya progresivu. Mwanafunzi wa skuli akatuuliza tofauti iko wapi, maana kwake yote ni magitaa na makelele.

Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa mama mmoja wa Kusini Unguja, na haukuhusu roki. Alitueleza kuwa aliweka akiba fedha za mwani miezi mingi ili akodi taarab asilia kwa harusi ya binti yake. Siku ya siku wakaja watu watatu: mwimbaji, mpiga kinanda cha umeme, na fundi wa mitambo mwenye kompyuta. Alipouliza fidla ziko wapi, akaambiwa zimo ndani ya kinanda. Swali lake lilikuwa fupi: alidhulumiwa, au yeye ndiye asiyejua maana ya taarab?

Tulipokaa kuyapitia maswali haya tukaona yanafanana kuliko tulivyodhani. Yote yanauliza jina la muziki lina maana gani na nani ana haki ya kulitumia. Kwa hiyo tumeandika maelezo haya ili msikilizaji uyasome taratibu kwenye simu, uyahifadhi, na siku nyengine ukibishana na mwenzako uwe na pa kushikia.

Makelele si kipimo

Studio yetu iko Kiembe Samaki, jirani na uwanja wa ndege. Ndege ikipaa, mtangazaji hunyamaza kidogo mpaka ipite. Sauti ile ni kubwa kuliko bendi yoyote, na hakuna anayeiita metali. Vilevile wimbo wa metali ukiupunguza sauti mpaka usikike kwa shida, bado ni metali. Ukubwa wa sauti uko mkononi mwa anayeshika kitufe cha redio, kwa hiyo hauwezi kutupa jina la muziki.

Kipimo tunachopendekeza ni hiki: sikiliza nani anabeba wimbo. Chukua mfano wa ngalawa. Ina rangi ubavuni, na ina mirengu miwili inayoizuia isipinduke. Ukiikwangua rangi, ngalawa itakwenda Chumbe na kurudi. Ukiing'oa mirengu, haitoki pwani. Kwenye wimbo pia kuna ala ambazo ni rangi na kuna ala ambazo ni mrengu. Iondoe ala moja kwa mawazo yako, kisha ujiulize kama wimbo bado umesimama. Jibu lake ndilo litakalokuelekeza kwenye jina.

Roki yenyewe inabebwa na nini

Roki ilitoka Marekani katika miaka ya 1950, kwenye muziki wa bluzi wa Wamarekani weusi na muziki wa mashamba wa Wazungu wa kusini. Mirengu yake inajulikana: gitaa la umeme, gitaa la besi, drams na sauti ya mwimbaji. Watu wanne wanatosha. Kundi la The Beatles la Liverpool, Uingereza, lilikuwa na watu wanne, na Queen, kundi la Freddie, pia lilikuwa la watu wanne.

Fidla ziliingia kwenye roki polepole. Mwaka 1965 The Beatles walirekodi wimbo Yesterday wakamwita mtayarishaji wao George Martin awapangie ala nne za nyuzi. Mwaka uliofuata, kwenye Eleanor Rigby, nyuzi zikawa nane na magitaa yakaondolewa kabisa. Angalia hatua hiyo. Kwenye Yesterday, ukiondoa nyuzi bado unabaki na mtu na gitaa lake, na wimbo unaimbika. Kwenye Eleanor Rigby, ukiondoa nyuzi unabaki na waimbaji peke yao. Mwaka mmoja tu, na fidla zimetoka kwenye rangi zimekuwa mrengu.

Mwaka 1967 kundi la The Moody Blues lilitoa albamu Days of Future Passed, inayosimulia siku moja tangu alfajiri hadi usiku, na okestra kamili ikiunganisha nyimbo. Mwaka 1969 Deep Purple walipanda jukwaani katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, pamoja na okestra ya Royal Philharmonic, wakapiga kazi ndefu iliyotungwa na mpiga kinanda wao Jon Lord. Mwaka 1970 huko Birmingham likaanzishwa kundi la Electric Light Orchestra, lililoweka chelo na fidla ndani ya bendi yenyewe badala ya kuazima wapigaji wa nje.

Hiyo ndiyo roki ya simfoni. Kuwepo kwa fidla peke yake hakutoshi kuipa wimbo jina hilo. Kinachotakiwa ni kwamba okestra, au kitu kinachofanya kazi ya okestra, kibebe sehemu ya jengo la wimbo. Kinapanga mwanzo wake, kinakokota hadithi, kinaleta mabadiliko ya hali kama simfoni za Ulaya zinavyofanya, kutoka upole hadi ukali na kurudi.

Majirani wa karibu

Nyumba za mtaa mmoja hugawana kuta, na aina za roki ziko hivyo hivyo. Tuzipitie nyumba nne zilizo karibu zaidi.

Ya kwanza ni roki ya progresivu. Hii imeshikana sana na roki ya simfoni, kiasi kwamba watu wengi huzitaja kama kitu kimoja. Progresivu inahusu safari ya wimbo: unakuwa mrefu, mapigo yanabadilika katikati, na kiitikio hakirudi pale unapokitarajia. Wimbo Close to the Edge wa kundi la Yes, wa mwaka 1972, unakaribia dakika 19. Kuna progresivu isiyo na harufu ya okestra hata kidogo, na kuna nyimbo fupi za Electric Light Orchestra ambazo zina okestra lakini hazina safari ndefu. Kwa hiyo progresivu inatuambia wimbo unakwenda wapi, na simfoni inatuambia nani anaubeba njiani. Wimbo mmoja unaweza kustahiki majina yote mawili.

Ya pili ni roki ngumu, ile ambayo gitaa hukwaruza na drams hupigwa kwa nguvu. Deep Purple wanatuonesha jinsi nyumba hii ilivyo karibu. Miezi michache tu baada ya lile onesho la okestra, mwaka 1970, walitoa albamu In Rock, na humo okestra haimo. Gitaa na kinanda cha ogani vilichukua nafasi yote. Bendi ni ile ile na wapigaji ni wale wale. Kilichobadilika ni mbebaji, na jina likabadilika naye.

Ya tatu ni hevi metali. Kundi la Black Sabbath lilitoka Birmingham, mji wa viwanda, na albamu yake ya kwanza ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani alipokuwa kijana wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili asiumie. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti nzito na ya chini, na sauti hiyo imekuwa sehemu ya utambulisho wa metali hadi leo. Katika metali mbebaji ni gitaa zito linalorudia mchoro mmoja wa sauti, na besi na drams vikitembea nalo bega kwa bega. Liondoe gitaa hilo na hakuna kinachobaki.

Metali nayo si ya mbali na sisi. Nairobi kuna bendi za metali kwa miaka mingi sasa, na mwaka 2020 kundi la Duma la huko lilitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, likichanganya ukelele wa metali na mitambo ya kielektroniki. Humo hutasikia fidla.

Ya nne ni metali ya simfoni, mtoto wa ndoa kati ya nyumba hizo. Ilichukua sura katika miaka ya 1990, zaidi huko Ulaya ya Kaskazini. Kundi la Nightwish lilianzishwa Finland mwaka 1996 na Tarja Turunen, mwimbaji aliyefundishwa uimbaji wa opera, akiwa mbele ya magitaa mazito. Hapo kuna wabebaji wawili. Ukiondoa gitaa, nusu ya nyumba inaanguka, na ukiondoa kwaya na okestra, nusu nyengine nayo inafuata.

Ulinganishe na Metallica wa Marekani, waliopiga na okestra ya San Francisco mwaka 1999. Onesho lile lilikuwa kubwa na zuri, lakini nyimbo nyingi zilikuwa zimetungwa na kujulikana miaka mingi kabla, bila okestra. Ukiiondoa okestra, unarudi kwenye wimbo ule ule uliokuwepo. Ile ni metali iliyovaa joho siku ya sikukuu. Kesho yake joho linarudi sandukuni, na mtu ni yule yule.

Na Freddie je?

Turudi sasa kwa mzee wa Kaskazini na vijana wa Mwanakwerekwe. Freddie alizaliwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali ya Waingereza hapa Unguja. Alisoma skuli ya bweni India, akarejea, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi. Queen lilianzishwa London mwaka 1970, na Bohemian Rhapsody ilitoka mwaka 1975, ikakaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Sasa tumia kipimo. Sikiliza wimbo kwa dakika zake karibu sita na utafute okestra. Hutaipata. Hakuna fidla hata moja. Kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya 1970 Queen walikuwa wakiandika kwa kujivuna kwamba hawakutumia sinthesaiza. Sehemu ile ya katikati inayosikika kama umati wa waimbaji wa opera, ambamo pia mna neno la Kiarabu linalojulikana na kila mtoto wa chuoni hapa kwetu, imeimbwa na watu watatu tu: Freddie, Brian May na Roger Taylor. Walirekodi sauti zao tabaka juu ya tabaka, mara nyingi mno, hata utepe wa kurekodia ukaanza kuchakaa.

Kwa hiyo hapo kazi ya okestra imebebwa na makoo. Kabla yake kuna piano na sauti ya mtu mmoja anayelalamika, na baada yake gitaa linaingia kwa ukali wa roki ngumu. Kijana aliyesema roki ya simfoni hakukosea, maana jengo la wimbo ni la kisimfoni. Aliyesema progresivu naye ana hoja, maana wimbo hauna kiitikio na hali yake inabadilika mara kadhaa. Na mzee wetu aliyesema metali alisikia kitu cha kweli: kuna kipande kifupi karibu na mwisho ambacho kimepakana na metali. Ila kipande hicho hakibebi wimbo mzima. Kwa hilo tunamuomba radhi mzee kwa saa tuliyoupiga, lakini hatuwezi kukubaliana naye juu ya jina.

Wapo pia wasikilizaji wanaoona muziki wote wa aina hii haufai. Hilo ni suala la dini na malezi, tunawaachia wenye elimu yake. Sisi hapa tunaeleza sauti.

Kipimo hicho hicho nyumbani kwetu

Wazanzibari hatuhitaji kwenda Birmingham kuelewa haya, kwa sababu sisi tumeishi na okestra zaidi ya miaka mia moja. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Culture Musical Club ilianza mwaka 1958. Kwa miongo mingi vikundi hivi vilitazama Kairo kama kigezo: fidla nyingi zikiwa safu moja, chelo, besi, udi, ganuni, nai, kodiani, dumbak na rika. Katika okestra ya namna hiyo safu ya fidla ndiyo inayotoa utangulizi, na inamjibu mwimbaji kila anapomaliza mshororo. Ziondoe na mwimbaji anabaki akiuliza bila wa kumjibu.

Na Kairo yenyewe ilishawahi kufanya kinyume cha roki ya simfoni. Mwaka 1964, Umm Kulthum alipoimba Inta Omri, kazi ya Mohammed Abdel Wahab, ndani ya okestra ile kubwa alikuwemo mpiga gitaa la umeme. The Moody Blues walikuwa bado miaka mitatu nyuma. Waingereza walianza na gitaa wakaiendea okestra, na Wamisri walianza na okestra wakalikaribisha gitaa. Lakini hakuna aliyesema Umm Kulthum ameimba roki, kwa sababu gitaa lile lilikuwa mgeni, na wenyeji waliendelea kubeba wimbo.

Taarab nayo ina majirani zake. Kuna kidumbak, yenye fidla moja, sanduku, vidumbak viwili, cherewa na mkwasa. Wapigaji wake wengi ni wale wale wa okestra, lakini huku mbebaji ni mapigo ya vidumbak na miguu ya wachezaji, na nyimbo huunganishwa bila kupumzika. Kuna taarab ya Tanga ya miaka ya 1960 na 1970, ya akina Black Star na Lucky Star, iliyopunguza fidla ikaweka gitaa la umeme na besi. Na kuna taarab ya kisasa, rusha roho, iliyovuma tangu miaka ya 1990 na vikundi kama East African Melody na baadaye Jahazi. Humo mbebaji ni kinanda cha umeme, gitaa, mdundo wa mashine, na zaidi ya yote maneno ya mwimbaji yanayompiga mtu kijembe.

Tusisahau pia kwamba taarab haikuanza na okestra kubwa kila mahali. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba na kikundi kidogo tu. Kwa hiyo uchache wa watu haukuondolei jina. Udi, fidla na dumbak, watu watatu na mwimbaji, wanaweza kukupigia taarab asilia iliyokamilika.

Mashine inapokaa kwenye kiti cha fidla

Hapa tunalifikia jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Mwaka 1963 huko Birmingham walianza kutengeneza kinanda kiitwacho Mellotron. Chini ya kila kitufe kulikuwa na utepe wenye sauti iliyorekodiwa, mfano wa fidla au kwaya. Ukibonyeza kitufe, utepe unatembea na fidla zinalia. Wanamuziki wa okestra Uingereza waliingiwa na wasiwasi, na chama chao kikapinga, kwa sababu waliona ajira zao zikiingizwa ndani ya sanduku.

Wasiwasi huo ulikuwa na sababu. Hata hivyo ilitokea pia kwamba mashine ile ikawa ala yenye sauti yake. Makundi kama King Crimson na Genesis yaliipenda kwa vile nyuzi zake zilisikika kama zinatoka mbali, kwenye ukungu. Nusu ya kile tunachokiita roki ya simfoni kilipigwa bila okestra, na Mellotron ikiwa imekaa kwenye kiti cha fidla. Na mwaka 1971 Emerson, Lake & Palmer, watu watatu, walitoa kazi ya mtunzi wa Urusi Mussorgsky wakiwa na vinanda, besi na drams.

Kwetu kinanda kilifanya kazi hiyo hiyo, na gharama yake tunaijua. Kikundi cha watu watatu kinaingia kwenye gari moja. Okestra ya watu ishirini inahitaji basi, chakula na posho ishirini. Mwenye harusi anahesabu fedha zake, na hatumlaumu. Lakini kila harusi inayokwenda kwa kinanda ni usiku mmoja ambao mpiga fidla amekaa nyumbani, na kijana akimuona mwalimu wake amekaa nyumbani hajifunzi fidla. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na kufundisha udi, ganuni na fidla, mwaka 2019 kilisema hadharani kwamba fedha zimekwisha na huenda kikafungwa. Muziki wa namna hii haufi kwa kupigwa marufuku. Unakufa kwa kukosa usiku wa kupigwa.

Na haimaanishi kwamba mlango wa umeme ufungwe. Baadhi ya waliopita DCMA wamepiga hatua nyengine. Siti and the Band, kwa mfano, wanaweka udi, ganuni na fidla pamoja na gitaa la besi na drams. Ukitumia kipimo chetu utasikia kwamba fidla na ganuni huko hazikupakwa kama rangi. Ni jirani wa roki ya simfoni, ila amejenga upande wetu wa bahari.

Jibu letu kwa mama wa Kusini

Mama, muziki uliopigwa kwenye harusi ya binti yako ni muziki halali na una jina lake: taarab ya kisasa. Wapo wanaoutaka huo huo na wanaulipia kwa furaha. Kosa si kinanda, wala si kuja watu watatu. Kosa ni kukuuzia jina la nyumba moja na kukukabidhi ufunguo wa nyumba nyengine. Ulikuwa na haki ya kulalamika, na ulijua maana ya taarab kuliko waliokujibu.

Kwa wengine wanaojiandaa na harusi, tunashauri msiishie kwenye jina mnapokubaliana na kikundi. Ulizeni mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza. La kwanza, watakuja watu wangapi na kila mmoja atashika ala gani? La pili, mapigo yatapigwa na mkono wa mtu au yatatoka kwenye mashine? La tatu, nani atatoa utangulizi wa nyimbo: fidla, udi au kinanda? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, au yatumwe kwa ujumbe wa simu ili yabaki. Kikundi cha kweli hakitachukia kuulizwa. Wapigaji wa ala wenyewe watafurahi, kwa sababu maswali hayo ndiyo yanayowarudisha kazini.

Jaribu mwenyewe

Ukiwa na salio la kutosha, tafuta nyimbo nne kwa mpangilio huu: Yesterday ya The Beatles, wimbo wowote wa Electric Light Orchestra wa miaka ya 1970, wimbo mmoja wa Black Sabbath, na mmoja wa Nightwish. Vaa spika za masikioni, maana spika ya simu hula sauti za chini na utapoteza besi na chelo. Sikiliza kila mmoja mara mbili. Mara ya kwanza fuata mwimbaji. Mara ya pili mwache, ufuate anayembeba. Kisha malizia na rekodi ya zamani ya Ikhwani Safaa au Culture, ufanye vivyo hivyo.

Ukishafanya hivyo tutumie ujumbe utuambie umesikia nini, hasa pale ambapo hukubaliani nasi. Na yule mzee wa Kaskazini tumemuahidi kwamba mwakani, tarehe 5 Septemba, tutaupiga wimbo ule saa nne za usiku, wajukuu wakiwa wamelala, na kabla yake tutatanguliza taarab moja ya okestra kamili. Tungependa atuambie, akizisikia mfululizo, ni ipi kati ya hizo mbili yenye watu wengi zaidi ndani yake.